Kingiposti ya Fundi Kingi

Ukitaka kumuudhi Fundi Kingi, mwambie kwamba paa ni bati. Atakushika mkono akupeleke ndani ya nyumba yoyote iliyo karibu na ambayo haijafungwa dari, hata kama mwenyewe hamjuani, akuonyeshe kwa kidole pale juu mbao zinapokutana. "Bati ni nguo tu," atakwambia. "Paa lenyewe ni kenchi. Na kenchi isiyo na kingiposti ni walevi wawili walioegemeana njiani." Kisha atacheka peke yake, maana kichekesho hicho amekisema tangu ujana na bado hakijamchosha.

Kwa asiyejua, kenchi ni ile pembetatu ya mbao inayobeba bati. Mbao mbili zinapanda, moja kutoka kila ukuta, zikutane kileleni. Chini yake inalala boriti ndefu, toka ukuta huu hadi ule, kuzizuia zisije zikatanua miguu na kusukuma kuta. Halafu katikati kuna mti mmoja uliosimama wima, unaotoka kileleni kushuka mpaka kwenye boriti. Huo ndio kingiposti. Neno ni la Kizungu. Mafundi walilichukua kama walivyolisikia, wakalilainisha mwisho, na wengi hawajui wala hawajali lina maana gani.

Kingi alijali. Alipoanza kazi ya useremala alimuuliza dada yake mkubwa, aliyekuwa akisomea ualimu wa Kiingereza, naye akamjibu haraka haraka kwamba kingi ni mfalme na posti ni nguzo. Nguzo ya mfalme! Maneno hayo yalimwingia yakatafuta kiti yakakaa. Kila alipopandisha mti wa katikati alitangaza kwa sauti kwamba sasa mfalme anakalia kiti chake, hadi wenzake wakachoka naye wakamwita Kingi. Walidhani watamkomesha. Wapi! Jina lilimkolea, akalivaa nyumbani na kazini.

Na tuseme ukweli, lilimvimbisha kichwa. Hakuwahi kupokea mkono wa mtu akishuka ngazi. Akiumwa, haumwi. Akipotea njia, njia ndiyo iliyobadilishwa. Na pale chakula kilipokuwa kimewekwa mezani na wote wametulia, alipenda kusema, "Humu ndani, kingiposti ni mimi. Nikitikisika, nyote mko chini."

"Sawa, mfalme," mkewe angejibu, "inua miguu nifagie."

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache lakini yaliyokatwa kwa mkasi. Walikuwa na binti mmoja, ambaye alikataa sindano ya mama akachagua randa ya baba, na sasa alikuwa seremala kamili anayefanya kazi bega kwa bega na baba yake. Kingi alimsifia kila mahali asipokuwepo. Akiwepo, alimwambia ubao haujanyooka.

Kuna jambo moja ambalo Kingi hakumwambia mtu. Kwa muda sasa, kila alipofika juu ya paa na kuangalia chini, dunia ilianza kumzunguka. Si woga, yeye na urefu walikuwa marafiki wa siku nyingi. Ni kichwa tu kilichokuwa kimeanza kumgeuka. Hospitali hakwenda, kwa sababu hospitali wangeupa ugonjwa huo jina, na ukishakuwa na jina utajulikana mtaani. Fundi paa asiyeweza kupanda paa ni nani? Akabuni mbinu. Mara msumari umeanguka, ngoja nikauokote. Mara hebu wewe mwanangu panda, leo nataka nikuone unavyofanya. Alijiona mjanja kupita kiasi, na kila aliporudi nyumbani mzima alimshukuru Mungu kimyakimya.

Ndipo mkewe na wenzake wanne wa cherehani walipojenga chumba cha kushonea nyuma ya nyumba. Kilikuwa kipana, wala hakikuwa na nguzo ndani, kwa sababu katikati ilipaswa kukaa meza ya kukatia, ndefu na pana, ambayo mapazia ya ukumbi mzima yanaweza kutandazwa juu yake bila kukunjwa. Meza hiyo ndiyo iliyokuwa tegemeo lao. Kwa meza ya kawaida wangebaki kupunguza suruali za watu. Kingi akajitolea kupaua. Alitengeneza kenchi kubwa kuliko zote alizowahi kutengeneza, binti akazipandisha, bati likapigiliwa, silingibodi za dari zikafuata, na siku ya kuhamia alisimama mlangoni akiwapokea wageni utadhani chumba ni chake yeye.

Msimu haukuisha. Siku moja mkewe alikuwa anakata kitambaa, akainua macho kunyoosha shingo, akaona dari imeota tumbo. Akadhani ni macho yake. Akawaita wenzake, wote wakainua shingo.

"Hii dari ya mume wako," mmoja akamuuliza, "itajifungua lini?"

Walicheka, lakini wiki zilivyopita tumbo liliongezeka na kicheko kikapungua. Wakaanza kuhamishia vyerehani pembeni. Wawili wakasema wazi kwamba wamesikia kuna chumba cha kupanga mjini, nao hawako tayari kuangukiwa na mbao kwa sababu ya heshima ya mume wa mtu.

Kingi alipoletwa kuangalia, alizunguka chumba akiwa na mikono mgongoni, akagonga ukuta, akatikisa kichwa. "Boriti zimelegea," akasema. "Mbao za siku hizi si mbao. Tutasimamisha nguzo hapa katikati, mambo yamekwisha."

"Hapo katikati wapi?"

"Hapa."

"Hapo kuna meza."

"Meza si itasogea?"

Mkewe aliweka mkasi chini taratibu. "Meza ikisogea haitoshi. Ukiikata haitoshi. Nikiweka nguzo hapo, nitakuwa nakata mapazia huku naizunguka kama mtoto anayecheza. Wenzangu watahama, na mimi nitabaki na nguzo yako. Mume wangu, nataka paa linyooke na katikati pabaki wazi. Kama huwezi, niambie tu. Nitaita fundi mwingine."

Fundi mwingine! Kwenye kenchi zake! Nyuma ya nyumba yake! Usiku huo Kingi aligeukia ukutani wala hakulala.

Kesho yake jioni dada yake alikuja kunywa chai kama ilivyokuwa kawaida yake. Alikuwa amestaafu kufundisha Kiingereza, lakini ugonjwa wa maneno ulikuwa haujastaafu. Ukimtajia neno moja anataka kujua lilizaliwa wapi na lilipita kwa nani. Kingi alikuwa anatafuta wa kumtetea, akaona huyu atafaa.

"Dada, hebu waambie hawa. Kingiposti maana yake si nguzo ya mfalme?"

"Maana ya leo ndiyo hiyo."

"Kwani kuna ya jana?"

Dada akasogeza kikombe, na wote wakajua chai itapoa. "Nilikujibu haraka siku zile, mdogo wangu, nilikuwa na mtihani. Hilo posti Waingereza walilitoa kwa Warumi. Kwa Warumi lilikuwa ule mti wa pembeni mwa mlango, ambao sisi tunauita mwimo. Baadaye likawa mti wowote uliosimamishwa wima."

"Uliosimamishwa!" Kingi akajipiga paja, akamgeukia mkewe. "Mama, umesikia? Jina lenyewe linasema husimama. Sasa mti uliosimama unaweza vipi kuwa na kosa? Kosa ni la boriti."

"Sijamaliza. Hilo kingi nalo lilianza mbali. Wajuzi wengi wa lugha wanalihusisha na neno lao la kale la ukoo, la ndugu na jamaa. Kwa hiyo mfalme, hapo mwanzo, hakuwa mwenye watu. Alikuwa mtu wa watu. Mtoto wa ukoo, na ukoo wake ndio uliomweka juu."

"Kumweka?"

"Kumweka. Ukitaka kulifasiri neno kwa asili zake zote mbili, si nguzo ya mfalme. Ni mwimo wa ukoo."

"Wifi," mke wa Kingi akasema, "rudia hapo polepole, kuna mtu ana nta masikioni."

Binti alikuwa amekaa kizingitini akisikiliza. "Shangazi, lakini nani aliyeuita ule mti hivyo? Seremala au mwalimu?"

"Sijui, mwanangu. Aliyeyaunganisha maneno hayo mawili hakuacha jina. Labda aliuona uko katikati na uko juu, akaona unafaa kuitwa mfalme. Sura ndiyo iliyompa jina. Kazi yake hasa mtaijua nyinyi mnaopanda huko."

Kingi alilichukua neno husimama akaenda nalo kulala. Mengine aliyaacha mezani.

Asubuhi, kabla wanawake hawajaja, walisogeza meza ukutani na binti akapanda kufungua silingibodi za katikati. Alizishusha moja moja, akaingia juu, akatulia. Kingi alisubiri chini, kalamu yake bapa ya useremala sikioni.

"Baba, njoo uone."

"Niambie tu."

"Hii haisemeki. Njoo."

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Baba, njoo."

Mkewe alikuwa ameshaishika ngazi. Kingi akapiga moyo konde akapanda, macho akiyaelekeza juu, asiangalie chini hata kidogo, mpaka kichwa chake kikatokeza kati ya mbao. Binti akamwonyesha mguu wa kingiposti, pale unapokutana na boriti. Lakini haukukutana na boriti. Palikuwa na uwazi. Kingi alitoa kalamu sikioni akaipitisha, ikaingia upande huu ikatokea upande wa pili bila kugusa kokote. Misumari aliyoipigilia mshazari kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa imechomoka nusu, imepinda. Boriti, kwa uzito wa dari, ilikuwa imeshuka ikaenda zake. Mfalme alikuwa amesimama juu ya hewa.

"Sasa imekanyaga nini?" Kingi akauliza, na sauti ilimtoka nyembamba.

"Haikukanyaga kitu. Inaning'inia." Binti akagonga kileleni. "Hizi mbili ndizo zilizoishika."

Alitazama. Ni kweli. Pale juu mbao mbili zinazopanda zilikuwa zimeubana mti kichwani, bega huku na bega kule, na kadiri bati lilivyozilemea ndivyo zilivyozidi kuubana. Hazikuwa zimeegemea juu yake. Zilikuwa zimembeba. Na yeye kazi yake ilikuwa kushikwa huko juu ili aishike boriti huku chini isianguke. Maisha yake yote Kingi alikuwa ameamini mti huu unasimama, na mti unaosimama huna haja ya kuufunga miguu, uzito wake utaukalisha. Misumari miwili ya kuuzuia usiteleze inatosha. Kwenye vyumba vidogo boriti ni fupi, hujibeba zenyewe, na kosa lilikuwa limejificha humo siku zote. Chumba kipana ndicho kilichomuumbua.

Akageuza macho kutazama kenchi ya pili, kama nayo iko hivyo. Ilikuwa hivyo. Lakini katika kugeuka huko aliona sakafu, na dunia ikaanza mchezo wake.

Alidaka kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa kingiposti. Mti usiokanyaga chochote, na ukamshika. Wakati huohuo alihisi mikono miwili imemkamata vifundo vya miguu, na mwingine umemkaba ukosi wa shati.

"Niacheni," akasema. Hakuna aliyeacha.

"Nimesema niacheni! Nimeteleza tu."

"Hujateleza," mkewe akasema kutoka chini.

Jasho lilikuwa linamtiririka puani na hakuwa na mkono wa kulifuta. "Kichwa kinanizunguka," akasema mwisho. "Nikiwa juu. Si leo tu."

"Tunajua, Baba."

"Mnajua nini?"

"Tunajua," mkewe akasema. "Unadhani kwa nini kila ukipata kazi ya paa mimi nakuja kukuletea chai? Chai gani hiyo isiyoisha, mume wangu, na siku nyingine nyumbani hatuna hata sukari? Nani huwa anashika ngazi ukishuka kuinywa?"

Kingi akamtazama binti. "Na wewe?"

"Mimi napenda kupanda, Baba. Ila ule msumari wako unaoanguka kila siku..." Akashindwa kujizuia, akacheka. "Mpaka wapaka rangi wanaujua."

Kingi aliweka paji la uso kwenye mti akalia. Hakulia sana, lakini alilia. Kwanza ilikuwa aibu, aibu ya mtu aliyedhani amevaa kumbe kila mtu anamwona. Halafu aibu ikapungua, na nyuma yake kikaja kitu ambacho hakukitarajia: wepesi. Muda wote huo alikuwa anajikaza asianguke, na kumbe walikuwa wameshamshika. Hawakumwambia ili asione haya. Aliwapenda sana saa ile, akiwa ameukumbatia mti, miguu yake mikononi mwa mkewe.

"Nishusheni," akasema. Hakuwahi kulisema neno hilo.

Akiwa chini, na glasi ya maji mkononi, akili ya ufundi ilimrudia kabla ya rangi ya uso. Alichora kwa chaki sakafuni: bapa la chuma, limekunjwa kama mkanda, lipite chini ya boriti na kupanda pande zote mbili za kingiposti, litobolewe, lifungwe kwa bolti na nati. Boriti ivalishwe mkanda, itundikwe kwa mfalme. Binti alichuchumaa akasema matundu yapishane, mti usije ukapasuka. Kingi alitaka kusema kitu, akakimeza. "Yapishane," akasema. "Umesema vizuri." Binti alimwangalia kama aliyeona nyundo ikijibu salamu.

Mchomeleaji wa barabarani akakunja vyuma. Jirani akawaazima jeki ya gari. Siku ya kazi kila mmoja alipata nafasi yake bila kugombana. Binti juu, na vyuma na spana. Mkewe chini, amepiga magoti kwenye jeki iliyoinua gogo, na gogo likiinua boriti. Na Kingi? Kingi alilala chali juu ya meza ya kukatia, iliyokuwa bado ukutani, akitazama kamba iliyovutwa toka ukuta hadi ukuta, kwa sababu ukilala chali huhitaji kuangalia chini, na jicho lake la kunyoosha lilikuwa zima kabisa.

"Panda. Panda kidogo. Mama, taratibu, hiyo si cherehani."

"Nawe usinifundishe kuzungusha."

"Bado... bado... hapo! Funga!"

Akaliona pengo likizibika. Boriti ilipanda ikagusa mguu wa kingiposti, mkanda ukaibana, spana ikalia mara ya mwisho. Mkewe akalegeza jeki kwa hofu. Boriti haikurudi chini. Ilibaki palepale, imenyooka sambamba na kamba, na chini yake hapakuwa na kitu chochote.

Dada mkubwa alikuwa amefika na wanawake wa cherehani, wamejazana mlangoni. "Ehe, mdogo wangu," akamwita, "inasimama au haisimami?"

"Haisimami," Kingi akajibu akiwa amelala vilevile. "Imeshikwa. Warumi na mlango wao walituponza. Ila lile la ukoo, Dada..." Akamtazama binti kule juu, kisha mkewe penye jeki. "Lile la ukoo, aliyelisema alikuwa na akili."

Walipomaliza kenchi ya mwisho, wanawake wakaanza kuingiza vitambaa, na wawili waliotaka kuhama ndio waliokuwa mbele wakisukuma vyerehani. Ilibaki meza tu kurudishwa katikati, na juu ya meza alikuwa mtu.

"Shuka mezani, mfalme," mkewe akamwambia, "nina mapazia ya kukata."

Kingi akaketi. Akatazama sakafu, ambayo haikuwa mbali hata kidogo, mtoto angeruka. Kisha akanyoosha mkono, mbele ya watu wote, akasubiri. Mkewe aliufuta wake kwenye kanga ya kazi kwanza, maana ulikuwa na grisi ya jeki, ndipo akampa.